Tujiulize Kabla ya Kumwuliza Mtoto

Sisi walimu aghalabu hujipima kwa somo: je, zana zilifaa, muda ulitosha, watoto walielewa? Ni nadra kujiuliza ni nini kilichopita moyoni mwetu tulipokuwa mbele ya mtoto. Jambo hili tumejifunza kwa wauguzi wa magonjwa ya akili, ambao tumezoea kuwaalika wazungumze na wanachuo wetu.

Miongoni mwa wagonjwa wao wamo wanaojijeruhi kwa makusudi. Muuguzi humfunga mtu jeraha leo, na baada ya juma moja humwona tena na jeraha jipya. Hapo huingiwa na hasira, hofu, pengine hata na kukata tamaa. Akisema, "Huyu ataka kutazamwa tu," hasira ndiyo iliyosema. Mgonjwa huisoma usoni mwake, akaona haya, na safari nyingine akaficha jeraha. Kumbe wengi hujijeruhi ili kutuliza uchungu wa moyo wasioweza kuusema.

Kwa sababu hiyo wauguzi hufunzwa kuitafakari kazi yao kwa utaratibu. Mmojawapo unaojulikana sana ni ule wa Graham Gibbs wa Uingereza, wa mwaka 1988, wenye hatua 6: kueleza lililotokea, kutaja tulivyohisi, kupima jema na baya, kuchambua sababu, kufikia hitimisho, na kupanga la kutenda siku nyingine. Wala si mgeni kwetu, kwani Gibbs aliuandika katika kitabu cha njia za kufundishia. Tuangalie mpangilio wake: hisia hutajwa kabla ya hukumu. Hisia isiyotajwa hujivika joho la hukumu.

Mathalani, mwalimu wa darasa la 6 aona majeraha mabichi mkononi mwa mtoto. Akimkaripia mbele ya wenzake, au akishika fimbo, amemfundisha kuficha. Yafaa kwanza ajiulize: "Ninaogopa nini? Ni mtoto kuumia, au ni jina la shule kuharibika?" Kisha amwite faraghani, amsikilize kwa utulivu, asimlazimishe kueleza yote. Amwulize waziwazi kama anawaza kufa; swali hilo halimtii mtu wazo la kufa. Asimwahidi kutunza siri, bali amweleze ni nani atakayeambiwa na kwa nini. Kama mtoto ataka kufa, asiachwe peke yake, na afikishwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Mwalimu si tabibu, na kutafakari hakuchukui nafasi ya matibabu. Lakini mara nyingi mwalimu ndiye mtu mzima wa kwanza kuliona jeraha, na mtoto huamua kusema au kunyamaza kwa namna atakavyopokewa.

Wanachuo mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha, tengeni ukurasa mmoja nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Kila Ijumaa andikeni humo tukio moja kwa hatua hizo 6, bila kutaja jina la mtoto, kisha mlijadili na mwenzenu mnayemwamini. Hatua ya pili msiiruke.