Picha Inayokubali Kufunikwa

Mwulize mpigapicha yeyote picha yake bora ni ipi, atafungua folda akuonyeshe. Sasa itazame ile iliyokuwa nyuma ya folda, iliyotandazwa skrini nzima. Mara nyingi siyo hiyo. Mtu ana picha elfu arubaini alizozipiga kwa mkono wake, na anayoamka nayo kila asubuhi ni ya mawe. Au ya maji. Au hakuna picha kabisa, ni rangi ya kijivu tu. Nimelifikiri sana jambo hili, kwa sababu na mimi nimo.

Mimi ni mpigapicha wa Mkoani, Pemba. Mji wetu ni wa mteremko: boti inakushusha gatini, na kutoka hapo kila uendako ni kupanda. Studio yangu iko katikati ya mpando. Asubuhi ni picha za paspoti na za vitambulisho. Mchana ni kusafisha picha na kuchapisha. Msimu wa harusi, ambao ndio unaolisha nyumba, napiga upande wa wanawake. Kompyuta iko juu ya meza, nimeigeuza ubavu ili mimi na mteja tuione sote.

Wenzangu nimewauliza. Mmoja wa Chake Chake ameweka wanawe watatu. Anasema akichoka huwatazama akakumbuka ada ya shule. Mwengine wa Wete ameiacha ileile iliyokuja na kompyuta, hajaigusa tangu ainunue. “Mimi siku nzima natazama picha zangu,” aliniambia. “Niache nipumzike na ya mtu mwengine.”

Ziko sababu za ufundi, tuanze na hizo. Picha ya ukutani huita jicho. Ya kwenye skrini inatakiwa iliachie. Juu yake zitakaa ikoni, na chini ya kila ikoni jina kwa herufi nyeupe. Ukiweka anga jeupe upande wa kushoto, majina hayasomeki. Ukiweka soko la mkesha wa Idi, faili unalolitaka linapotelea katikati ya watu. Ukiweka uso, folda ya risiti itakaa juu ya jicho.

Halafu lipo suala la umbo. Kamera yangu inatoa picha za uwiano wa 3 kwa 2. Skrini yangu ni 16 kwa 9, pana na fupi. Ukiiamuru picha ijaze skrini, kompyuta inakata kidogo juu na kidogo chini. Ukijumlisha, ni karibu moja ya sita ya picha nzima. Na nusu ya kazi zangu ni za wima, maana bi harusi ni mtu aliyesimama. Hizo ndio hazina nafasi kabisa: utapata kiuno bila ya kichwa.

Basi picha inayofaa ni ile inayokubali kufunikwa. Haina la kusema kwa haraka. Ukiifunika kwa kazi ya saa sita, ukija kuifunua, haijakasirika.

Picha iliyoifanya kazi hii kuliko zote duniani tunaijua sote wa umri wangu, hata tusioijua jina. Kilima cha kijani, anga la buluu, mawingu mepesi. Ilikuja na Windows XP mwaka 2001, na jina lake ni Bliss, yaani raha isiyo na doa. Aliyeipiga ni Charles O'Rear, Mmarekani aliyekuwa akilifanyia kazi jarida la National Geographic. Januari 1996 alikuwa njiani kwenda kwa mchumba wake, akipita Sonoma, California, mvua imetoka kunyesha. Akasimamisha gari, akatoa kamera yake ya filamu, Mamiya RZ67, akapiga, akaendelea na safari. Mwaka 2000 Microsoft wakainunua. Inasimuliwa kuwa makampuni ya vifurushi yaliikataa filamu yenyewe kwa ukubwa wa thamani yake, ikabidi apande nayo ndege mwenyewe mpaka Seattle.

Mimi niliiona kwanza katika duka la fotokopi la mjomba wangu, hapahapa Mkoani, nikiwa skuli. Babu alikuja siku moja kuchapishiwa barua ya shamba. Aliitazama skrini muda mrefu, mikono nyuma, kisha akauliza:

“Hapa walikata nini?”

Mjomba akacheka. “Hapajakatwa kitu, baba. Ndivyo palivyo.”

“Ardhi nzuri namna hii haikai bure,” babu akasema. “Palikuwa na kitu.”

Tulilichukulia kuwa neno la mzee. Nilipokuja kuisoma habari ya picha ile, nishakuwa mpigapicha na babu keshatangulia mbele ya haki, nikakuta kuwa kilima kile kilikuwa shamba la mizabibu. Miaka ya 1990 mdudu aitwaye filoksera, anayeshambulia mizizi, aliingia katika mashamba ya Napa na Sonoma, mizabibu ikang'olewa, kilima kikaachiwa majani. O'Rear alipita katika mwanya huo. Baadaye walipanda tena mizabibu. Ukienda na kamera yako huikuti picha ile. Kile ambacho dunia nzima ilikitazama ikakiita utulivu kilikuwa shamba lililokufa likingoja kupandwa.

Mpemba hilo analiona upesi, na si kwa werevu. Sisi ni watu wa vilima vya kijani. Waarabu walikiita kisiwa chetu Al-Jazira Al-Khadhraa, kisiwa cha kijani. Lakini kijani chetu kina wenyewe. Mkarafuu mmoja mmoja unajulikana ni wa nani, nani aliupanda, na nani anaugombania mahakamani. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Kwa hiyo mtu wa hapa ukimwonyesha kilima kisicho na mti hakwambii “pazuri”. Anauliza kumepita nini.

Picha hiyo ilinifunza kwamba utupu wa kwenye skrini mara nyingi ni wa kutengenezwa. Pana mtu au kitu kimeondolewa ili jicho lipumzike. Swali ni nani kakiondoa, na kwa ajili ya nani.

Sisi watu wa pwani hatukuanza leo kuhangaika na picha ya nyuma. Kabla ya skrini palikuwa na pazia. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi kadhaa vya Wazanzibari vikaenda kupigwa hapo. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapigapicha waliwapanga wateja wao mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mtu hajawahi kupanda ndege, lakini picha aliyoipeleka kijijini ilikuwa na ndege nyuma yake. Pazia lilikuwa mtumishi. Halikuwa na maana mpaka mtu asimame mbele yake.

Ya kompyuta nayo ni pazia, ila anayesimama mbele yake haonekani. Ni mimi, nimekaa kwenye kiti, na pembeni yangu mteja. Na mteja wangu akikaa, kitu cha kwanza anachokiona skrini ikiwaka ni kile nilichokichagua mimi. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la urembo.

Nilisema napiga upande wa wanawake. Ambaye hajahudhuria harusi ya kwetu pengine hajui uzito wake. Mlangoni anakaa mtu wa kukusanya simu. Ndani, wanawake wamevua mabuibui, nywele zimesukwa, mikono ina hina na piko, bi harusi amepambwa kwa ajili ya macho ya wanawake wenzake na ya mumewe basi. Katika watu wote hao kamera ni moja, na ni yangu. Ninatoka pale saa saba za usiku nimebeba ndani ya kadi moja ndogo sitara ya nyumba nzima. Asubuhi iko ndani ya kompyuta, na kompyuta iko juu ya meza, na mlango wa studio uko wazi kwa kila anayetaka picha ya paspoti.

Mwaka fulani alikuja mama mmoja kuniwekea tarehe ya harusi ya bintiye. Hakuuliza bei. Alisimama akaitazama skrini. Nami nikamwacha aitazame.

“Hapa hamna mtu,” alisema.

“Hamna, mama.”

Akavuta kiti. Ndipo aliponieleza kuwa alikotangulia kwenda alikuta bi harusi ametandazwa skrini nzima, mapambo yote. Mwenye studio alidhani anaonyesha ubora wa kazi yake, na kazi, mama akasema, ilikuwa nzuri kweli. “Lakini nilimtazama nikamjua. Mtoto wa watu. Nikajua na wangu atakaa palepale, mpaka aje mwengine amwondoe.” Akafungua mkoba akanilipa nusu ya fedha, na hakutaka kuona hata picha moja ya kazi zangu.

Fikirini hilo, nyinyi mnaopenda sanaa. Nilipata kazi kwa sababu ya kile nisichokionyesha. Mpigapicha wa pengine angeweka picha yake bora mbele, kwenye ukuta, kwenye mtandao, na watu wangekuja kwa hiyo. Mimi picha bora niliyopata kuipiga imeonwa na watu wanne: bi harusi, mama yake, somo yake, na mimi. Iko katika folda yenye tarehe tu, haina jina. Siku nyengine mchana, mlango umefungwa kwa sala, naifungua nikaitazama dakika moja. Siielezi hapa vilevile, maana na maneno yana macho.

Inauma? Inauma kidogo. Kila fundi hupenda kazi yake isifiwe, na mimi si malaika. Lakini nimekuja kuona kuwa mji mdogo una sheria yake ya picha: uso ni siri pale unapojulikana. New York ukiweka uso wa mwanamke kwenye skrini, ni uso. Mkoani ni binti fulani, wa mtaa fulani, aliyeolewa na fulani, na shangazi yake yuko nje anangoja kivuli kipite apande mlima.

Basi mimi nimeweka nini? Nimeweka karafuu.

Ni picha niliyoipiga kiamboni kwetu, nimesimama juu ya kiti, kamera imeelekea chini. Jamvi limejaa karafuu zilizokuwa na siku mbili za jua: nyengine bado zina wekundu, nyengine zishaanza kuwa kahawia. Mwanga ni wa saa kumi za jioni, kwa hiyo kila punje ina kivuli chake kidogo. Kwa mbali ni kama kitambaa. Herufi nyeupe zinasomeka popote. Wateja wengi hawaulizi kitu. Wengine hunusa hewa, kisha wakajicheka.

Lakini picha yenyewe nzima ina mtu. Juu kabisa, kwenye ukingo, iko mikono ya marehemu bibi yangu akichambua makonyo kutoka kwenye karafuu mbichi, na upindo wa kanga yake umeshuka juu ya jamvi. Alikuwa hapendi kupigwa picha. Siku ile alisema, “Piga karafuu zako, mimi niache,” nikapiga karafuu, na mikono ikaingia. Kompyuta ilipoijaza skrini, ile sehemu iliyoikata juu ilikuwa ndiyo ya bibi. Sikuipanga. Nilipoona, niliiacha hivyo. Naona angekubali: yupo, na hayupo hadharani.

Dada yangu yuko Muscat, anafanya kazi ofisini, kama Wapemba wengi ambao nusu ya ukoo wao uko upande ule wa bahari. Nilipomweleza habari hii alitaka picha hiyo kwa ajili ya kompyuta yake ya kazini.

“Lakini nataka nzima, mdogo wangu,” alisema. “Na mikono.”

“Watu watamwona.”

“Nani anamjua bibi huku? Huku wakiuliza, nitapata wa kumsimulia.”

Nilikaa kimya kwenye simu, kwa sababu alikuwa na haki. Mkoani bibi anahitaji kufunikwa kwa kuwa kila mtu anamjua. Kule anahitaji kuonekana kwa kuwa hapana anayemjua isipokuwa mmoja, na mmoja huyo ana hamu naye. Picha ni moja, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni watu waliokaa mbele yake. Nikamtumia, nzima.

Baada ya siku mbili alinirushia picha ya meza yake. Hakuiacha kompyuta ijaze skrini. Aliiamuru iioneshe picha yote bila ya kukata, na kwa hiyo pembeni pakabaki michirizi miwili myeusi. Katika ule wa kushoto amezipanga ikoni zake zote, moja chini ya mwenziwe, kama abiria wanaongoja kushuka boti. Juu ya jamvi hakuna hata moja. Mikono inachambua.