Dirisha la Mganga

Zahanati ya kijijini kwetu, njia ya kutoka Songea kwenda Mbinga, ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo mgonjwa hakuwa wa zahanati tena, alikuwa wa mganga. Mganga alikaa nyumba ya watumishi, nyuma ya tangi la maji, na hakuna aliyekuwa hajui dirisha la chumba alicholala. Mlango haukugongwa usiku. Ulizunguka nyuma, ukapiga hodi dirishani kwa sauti ya chini, ukajitaja wewe ni mtoto wa nani, ndipo ukasema nani anaumwa na anaumwaje. Akikohoa, ujue anatafuta viatu.

Hapakuwa na pengine pa kukimbilia. Tangu 1977 serikali ilikuwa imepiga marufuku tiba binafsi ya biashara, na haikuiruhusu tena hadi 1991. Hospitali ya misheni ya Peramiho ilikuwepo, lakini kufika huko usiku kulihitaji gari, na gari lenyewe lilikuwa la paroko au la chama cha ushirika. Likikosekana, wanaume wanne walibeba kitanda mabegani.

Lakini kabla ya dirisha kulikuwa na bibi. Yeye ndiye aliyeamua nani apelekwe usiku na nani angoje kuche. Alimweka mtoto mapajani karibu na kibatari, akamfungua kiganja kuona kama kimepauka, akapitisha kidole utosini kutazama kama umebonyea, kisha akamuuliza mama, “Amenyonya saa ngapi?” Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko joto la mwili. Mtoto mwenye homa kali anayenyonya alipanguswa maji, akapewa kipande cha klorokwini na kulazwa. Aliyekataa ziwa alifungwa mgongoni saa hiyo hiyo. Sisi wakubwa tulimeza vidonge vile vichungu tukijua kesho yake mwili mzima utawasha, na dawa ya kuwashwa hapakuwa nayo, labda kujikuna ukutani.

Miaka ya tisini dirisha likapata mshindani. Kuchangia gharama za matibabu kulianza 1993, na palipo na hela pakaota duka la dawa baridi. Duka hilo halikuruhusiwa kuuza antibiotiki, lakini saa tatu usiku nani angekagua? Kwetu antibiotiki za “rangi mbili” ziliuzwa kidonge kimoja kimoja, kama sigara, kulingana na shilingi ulizoshika. Mtu alimeza tatu, akapata nafuu, akaacha. Wenye duka walikuwa majirani wema, na nadhani ndiyo maana madhara yao yalichelewa kuonekana.

Mwaka 2003 mkoa wetu wa Ruvuma ukawa wa kwanza kujaribiwa maduka ya dawa muhimu, ambayo baadaye yalisambaa nchini. Muuzaji alipelekwa mafunzo, akaruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki kihalali, akapewa daftari la kuandika dawa iliyotoka. Kwa macho yangu, jambo kubwa alilojifunza ni kukataa. Mama mmoja alimjia usiku na mtoto wa degedege akiomba dawa ya homa. Muuzaji hakugusa rafu. Alifunga duka, akatoka na tochi, wakaenda wote kwa mganga. Miaka michache kabla ya hapo angeuza sharubati ya homa na kusema poleni. Hata dawa zenyewe zilikuwa zimebadilika: klorokwini iliachwa 2001, ikaja SP, na kufikia 2007 tulikuwa tunapewa mseto. Baadaye kikaja kipimo cha haraka cha kudonyoa kidole, na ikabainika kuwa si kila homa ni malaria, habari ambayo wazee wengi hawajaikubali mpaka leo.

Simu ilipofika, namba ya mganga iliandikwa kwa chaki mlangoni mwa zahanati. Ilifaa sana, hadi alipohamishwa akaondoka na laini yake.

Siku hizi mjamzito akianza kutoka damu usiku, hapigiwi mganga kwanza. Inapigwa 115, bure. Mfumo huo, m-mama, ulianzia kanda ya ziwa, na ukazinduliwa kitaifa 2022. Anayepokea huuliza dalili, huangalia gari la wagonjwa liko wapi, na likiwa mbali humpigia dereva wa eneo lile aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Shemeji yangu alichukuliwa hivyo, na dereva alikuwa kijana anayetubebea mahindi. Hakuna aliyejadili nauli naye, na ukitaka kujua maana ya hilo, uliza familia yoyote iliyowahi kupatana bei huku mtu akilia ndani.

Ila 115 imewekwa kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mwanamume mwenye kidole tumbo hayumo. Kaka yangu aliposhikwa na chake, usiku wa mvua, mganga mgeni alimbonyeza tumbo, akaandika rufaa palepale, na kazi yake ikaishia hapo. Bodaboda alitaka elfu arobaini kwa sababu ya tope. Mama alimshusha hadi thelathini, kumi mkononi na iliyobaki baada ya malipo ya kahawa. Walimpakia katikati, dereva mbele, mimi nyuma nikimshikilia kiunoni, na kila tuliposhuka korongoni alitutukana sote wawili.