Njia ya Makete na Maji ya Motokaa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Makete huliacha joto la pwani, akapita Morogoro na mbuga ya Mikumi, kisha akapanda mlima wa Kitonga wenye kona kali hata kuingia Iringa. Toka Iringa huifuata njia kuu mpaka Makambako, ndipo ashike njia ya Njombe, penye mashamba ya chai na misitu ya mbao. Mbele ya Njombe nchi huzidi kuinuka kuelekea uwanda wa Kitulo, ulio juu ya bahari kadiri ya mita 2,600. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Lakini mwezi wa Julai maua ni haba, na alfajiri umande huganda juu ya majani, ukawa mweupe kama unga.

Katika mwezi huo tuliishika njia ile tukiwa watu sita katika motokaa moja: dereva mzee, walimu watatu, na mama mmoja na mtoto wake mchanga mwenye kikohozi. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa tulipotoka Njombe. Dereva aliwasha hita, nasi tukafurahi. Hata baada ya nusu saa, hita ikaanza kupuliza baridi. Motokaa ilipokimbia joto lilirudi kidogo; ilipopunguza mwendo baridi ikazidi.

Mwalimu mmoja kijana akasema, "Mzee, sindano ya joto haijapanda. Hita ni starehe tu. Mtoto afunikwe blanketi, twende."

Dereva akamjibu, "Mwanangu, hita haina moto wake yenyewe. Joto lake latoka katika maji ya injini. Injini ikiwa moto na hita ikiwa baridi, sharti niulize maji yamekwenda wapi." Akaiweka motokaa kando ya njia, akazima injini.

Maneno yake yalikuwa kweli. Pampu huyasukuma maji yazunguke katika injini, na sehemu yake hupita katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, ambapo feni hupuliza hewa. Maji yakipungua, hewa huingia, na mara nyingi rejeta ile ndogo ndiyo hukosa maji kwanza. Wala sindano isiaminiwe peke yake: kipimo chake hupima maji yanayokigusa. Maji yakikiacha, sindano yaweza kutulia mahali pake hali chuma kinaungua.

Tulingoja karibu saa nzima, mtoto amefunikwa makoti yetu. Hakuna aliyegusa kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maana maji yale hufungiwa kwa nguvu, na mvuke wake huunguza uso. Kilipofunguliwa, zikaingia lita 3 za maji. Hita ikapata joto. Lakini baada ya kilomita chache baridi ikarudi. Hapo dereva hakushindana na njia. "Makete haihami," alisema, akageuza motokaa polepole kurudi Njombe, akisimama kungoja ipoe na kuongeza maji. Usiku ule ule mtoto akatazamwa na daktari.

Asubuhi fundi alianza kazi kwa utaratibu. Alitazama oili ya injini: haikuwa kama maziwa. Moshi haukuwa mweupe, wala rejeta haikutoa mapovu. Basi hakuona dalili ya kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Akapapasa zulia miguuni pa abiria: lilikuwa kavu, bila harufu tamu, basi rejeta ndogo haikuvuja. Kisha akafunga pampu ya mkono mahali pa kifuniko, akajaza hewa. Mshale wake ukashuka kidogo kidogo, na tone likatokea chini ya pampu ya maji, penye alama ya kijani iliyokauka. Maji yalikuwa yakivuja njiani na kukaukia juu ya chuma cha moto. Ndiyo sababu hatukuona dimbwi.

Pampu ikabadilishwa. Fundi akatia maji na kulanti, nusu kwa nusu, yasigande kwa baridi wala kuleta kutu. Akaiacha injini ingurume, hita imefunguliwa mpaka mwisho, hata mapovu ya hewa yakaisha.

Tena alitufundisha hivi: hita ikipoa na maji hayapungui, tazama themostati, pengine imekwama wazi. Au papasa mipira miwili iendayo kwenye hita. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, maji hayapiti, pengine rejeta ndogo imeziba.

Adhuhuri tuliondoka, na jioni haijafika tukawa Makete, mtoto amelala kifuani pa mamaye. Nanyi wenye nyumba na shule, yafikirini haya. Sala ya jioni ikianza kupoa nyumbani, au watu wa nyumba moja wakianza kusemezana kwa ubaridi, msiseme ni jambo dogo kwa kuwa kazi zote zingali zinakwenda. Simameni mapema, mkatafute panapovuja.