Bastola Chini ya Mto?

Usiku ambao wezi walivunja mlango wa jirani yetu mtaani Kiamunyi, Nakuru, mume wangu hakupata usingizi. Asubuhi aliniambia, “Mama Njeri, ni lazima tutafute bastola.” Juma zima mazungumzo mezani yakawa hayo tu: achukue ile ya risasi sita au ile ya magazini? Nami, nakiri, nilikuwa upande wake.

Lakini bastola hainunuliwi kama jembe. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka uombe cheti kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, polisi wathibitishe mwenendo wako, nawe ueleze sababu ya kutosha. Ukishaipata, uiweke chini ya kufuli, mbali na watoto. Hebu fikiria: mwizi yumo sebuleni, nawe wapapasa gizani ukitafuta ufunguo! Na ukiiweka chini ya mto, je?

Tulipokuwa tukingoja fomu, mume wangu alilala na rungu kando ya kitanda. Usiku mmoja tukasikia hatua jikoni. Aliruka, nami nyuma yake. Rungu lilikuwa limeshainuliwa niliposikia, “Baba, ni mimi.”

Alikuwa Njeri, mtoto wa miaka 9, kikombe cha maji mkononi. Baba yake aliketi sakafuni akitetemeka.

Tumeweka vyuma madirishani na taa uani, na majirani tumekubaliana kila nyumba iwe na firimbi. Fomu ilifika. Imo kabatini, haijajazwa. Sijamwuliza ataijaza lini.