Akiba Haiozi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nilipokuwa mdogo nilidhani akiba ni pesa za benki au mahindi ya darini tu. Ndugu msomaji, nipe sikio nikusimulie jinsi nilivyojua kuwa hata msitu ni akiba.

Kwetu ni karibu na Gede, Kaunti ya Kilifi. Shamba letu limepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita mraba 420 hivi, ambao ndio mkubwa zaidi kati ya misitu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Wageni huvuka bahari kuja kumtazama bundi mdogo wa Sokoke. Mimi, kusema kweli, niliuchukia. Mahindi yakianza kubeba, nyani walitoka humo makundi kwa makundi. Na mlinzi alikuwa nani? Mimi! Siku nyingine nilikosa shule kwa ajili yao. Nikamwuliza babangu, "Kwani serikali haiwezi kuugawa msitu huu tupate ekari za kulima?"

Babangu akacheka. "Mwanangu, ule mchanga mweupe chini ya miti ya mrihi utaotesha nini? Utavuna mara mbili tatu, kisha ubaki na mchanga na jua."

Aliyekuwa akivuna msituni bila kukata mti ni mamangu. Yeye hufuga vipepeo na kuuzia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa pale Gede mwaka wa 1993. Huwanasa majike kwa wavu, huwaweka kizimbani watage mayai, na viwavi wakianguliwa huwalisha majani hadi wawe pupa. Pupa hizo husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho huko ng'ambo. Kipepeo haishi sana, kwa hivyo wanunuzi huagiza tena na tena. Sare na madaftari yangu yalitoka humo.

Basi mwaka wa 2020 korona ikabisha hodi. Mwezi wa Machi shule zikafungwa na ndege za ng'ambo zikasimama. Pupa zikapasuka kizimbani bila mnunuzi. Mamangu akafungua mlango wa wavu, vipepeo wakaenda zao. Hakusema neno.

Jioni moja unga ulikwisha. Babangu, yule yule aliyenicheka, akaanza kunoa shoka. Alijua askari wa msitu wakimshika itakuwa balaa, lakini njaa haina macho. "Makaa yana soko kila siku," akasema. "Mbambakofi mmoja tu."

Mama akasimama mlangoni. "Baba watoto, ndege zitarudi. Mti huo utarudi lini?"

Kimya! Baba akaliweka shoka chini. Tulilala na mihogo usiku huo na nyingi zilizofuata. Mwezi wa Agosti ndege zikaanza kuruka tena, na baadaye oda zikaja pole pole. Mama akachukua wavu wake akaingia msituni. Vipepeo walikuwepo, wakimngoja.

Lakini usije ukadhani msitu ni mzuri kwa kuwa unalipa tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyotaka kumponza babangu: mwaka usiolipa, shoka! Katika miezi ile ya kufukuza nyani, asubuhi moja nilikaa tuli chini ya mti. Akatokea sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akipekua majani makavu. Nyuma alikuwa na rangi kama dhahabu. Hakuwa na habari ya soko wala ya korona. Nilimtazama hadi akapotea, nikasahau hata njaa. Hilo nalo utalitia bei gani?

Watu husema ardhi isiyojengwa wala kulimwa imelala bure. Wapi! Ile yetu inafanya kazi usiku na mchana bila kusimamiwa na mtu. Wenzangu, kesho sisi ndio tutakaokuwa na kalamu za kutia sahihi, na mashoka pia. Tukumbuke kwamba vingine tukivitumia leo, hatuvipati tena.

Nami likizoni bado nawafukuza nyani, na bado wananikasirisha kupita kiasi. Lakini habari ya kuugawa msitu, sijamwuliza tena babangu.