Katwe, Mahali Injini Kuukuu Hurudishiwa Pumzi

Msafiri anayetoka katikati ya Kampala kuelekea Entebbe huisikia Katwe kabla hajaiona. Akiupita tu mnara wa saa, hupokewa na milio ya nyundo juu ya chuma na harufu ya oili iliyoungua. Hapo hutengenezwa mageti, majiko na mashine za kusagia mahindi. Na katika vichochoro vyake, magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa hufunguliwa na kufungwa tena.

Sifa ya Katwe ni ya siku nyingi. Katika miaka ya 1940 na 1950 mtaa huu ulikuwa kitovu cha biashara na siasa za Waafrika, na magazeti yalichapwa humo. Baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, spea zikawa adimu, na mafundi wakazidi kujifunza kuchonga kilichokosekana dukani. Hadi leo maneno “imetengenezwa Katwe” husemwa kwa mzaha na kwa heshima pia.

Asubuhi moja liliingia huko Toyota Hilux kuukuu la sajini mstaafu wa polisi. Gari hilo hubeba ndizi kutoka Masaka, safari ya kilomita kama 130, na ndilo linalowalipia wanawe karo. Kwa majuma kadhaa, kila lilipowashwa alfajiri, injini ilitoa mlio kama wa minyororo ndani ya debe, kisha ikanyamaza. Kwa kuwa ilinyamaza, mwenyewe hakuhangaika.

Injini hiyo ni 22R, ya lita 2.4, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1981. Ndani ya kifuniko chake cha mbele mna cheni ya taiming, inayounganisha krankshafti chini na kamshafti juu, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Cheni isilegee, hukazwa na kifaa kidogo kinachosukumwa na springi na nguvu ya oili. Mafundi hukiita tensheni. Kikichakaa, cheni hupigapiga mpaka oili ipande. Huo ndio mlio wa alfajiri.

Fundi alimwaga maji na oili, akaondoa redieta, feni, mikanda na puli. Kisha akafyonza kwa kitambaa oili iliyotuama mbele ya silinda hedi. Chini yake imejificha boliti moja inayoshika kifuniko. Asiyeijua huvuta kwa nguvu na kukipasua.

Kifuniko kilipotoka, reli moja ya plastiki inayoiongoza cheni ilikuwa imevunjika, na vipande vyake vimeangukia sampu. Cheni ilikuwa imeanza kuchimba mfereji ubavuni mwa kifuniko. Nyuma ya ukuta huo hupita maji ya injini. Ungetoboka, maji yangechanganyika na oili, na beringi zingekwisha.

“Afande, weka kidole hapa,” alisema fundi.

Mzee aligusa mfereji ule, akanyamaza. Mfukoni alikuwa na fedha za tensheni peke yake. Zilizobaki nyumbani zilikuwa karo.

“Ukibadilisha tensheni tu, itanyamaza?” aliuliza.

“Itanyamaza, Afande. Na mimi utanilipa leo. Lakini itakufia njiani.”

Walikubaliana hivi: cheni mpya, gia zake, tensheni na reli zenye mgongo wa chuma zinunuliwe siku hiyo, na ujira wa fundi ulipwe nusu baada ya mzigo ujao.

Kazi ya kufunga haikutaka nguvu, ilitaka macho. Pistoni ya kwanza iliwekwa juu kabisa. Kiungo kimoja king'aavu cha cheni kikakaa kwenye alama ya gia ya chini, na viungo viwili ving'aavu vikaikumbatia alama ya gia ya juu. Jino moja likikosewa, injini hukosa nguvu au hukataa kuwaka. Kabla ya kugusa swichi, fundi aliizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, akahakikisha kwamba alama za gia zimerudi mahali pake.

Jioni Hilux liliwaka. Baada ya mlio mfupi wa oili kupanda, ilisikika injini peke yake. Mzee alikabidhiwa vyuma vyake vya zamani ndani ya gunia, akavitazama kimoja kimoja kabla ya kuondoka.

Wenye magari kuukuu, kambini na uraiani, na wasikilize injini zao alfajiri zikiwa bado baridi. Mlio unaonyamaza wenyewe haukupona. Na fundi wa kurudiwa ni yule anayemwita mwenye gari aone kabla hajafunga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.