Swichi ya Miguu 6

Pikapu ya gitaa letu hapa Nyarugusu (siyo gari, jamani) ina koili mbili. Mchango ulitosha swichi moja ya miguu 6, yenye chaguo 2 tu. La kwanza halikuwa na ubishi: koili kwa mfululizo, sauti nene, ya nguvu. Lakini seben inazama humo, na wazee wanakuja kwa ajili ya seben. Vijana walitaka tuzime koili moja, sauti ing'ae. Inang'aa kweli! Ila koili ikibaki peke yake inavuta mvumo wa umeme. Zikiwa mbili zinafutiana. Nikaziunga sambamba: nyepesi, ndogo kidogo, bila mvumo. Mpiga solo bado amenuna. Jumamosi tuna harusi, na waya nimeshalehemu.